Kwa nini mjomba hutoka giza kwenye picha ya harusi

Picha ya pamoja ya harusi ndiyo inayomuumbua mpiga picha. Chukua harusi yoyote ya Tukuyu, huku nyanda za juu za Mbeya, saa saba mchana, nje ya kanisa. Katikati amesimama bibi harusi na shela jeupe. Kulia kwake yuko mjomba, mweusi tii, suti nyeusi na shati jeupe. Kushoto mashangazi wawili wa maji ya kunde, mmoja katoka Dar na poda kaiongeza kidogo. Mbele wamechuchumaa watoto, na mmoja wao ana ualbino. Kofia kavuliwa kwa ajili ya picha, macho kayafinya. Nyuma ni migomba, na juu ya migomba anga la mawingu meupe. Mpiga picha anabonyeza mara kadhaa, jioni picha zinaingia kwenye grupu la familia, na utani unaanza. "Mjomba, hivi ulikuwepo au tumeletewa suti tu?" Mwingine anadakia: "Jua la Kyela hilo!" Mjomba naye anacheka, maana ameshazoea.

Utani huo umebeba dhana ambayo watu wengi hawaihoji, kwamba ngozi nyeusi kwa asili yake "haitoki" pichani. Nimewasikia hata wapiga picha wa Mwanjelwa, Mbeya mjini, wakisema hivyo kama wanaosema mvua hunyesha Machi. Ukweli ni kwamba aliyemla mjomba ni mlolongo wa maamuzi ya watu. Mengine yalifanyika mbali, miaka zaidi ya 60 iliyopita, viwandani. Mengine yalifanyika palepale nje ya kanisa, kwa sekunde mbili. Na karibu yote yanarekebishika bila kununua kamera mpya.

Ngozi yenyewe

Rangi ya ngozi hutokana hasa na melanini, inayotengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti. Idadi ya seli hizo haitofautiani sana kati ya mtu mweusi na mtu mweupe. Kinachotofautiana ni kiasi cha melanini wanachozalisha, ukubwa wa vifuko vinavyoibeba, namna vifuko hivyo vinavyosambaa ndani ya ngozi, na aina ya melanini yenyewe. Iko eumelanini, ya kahawia hadi nyeusi, na iko feomelanini, yenye wekundu na unjano. Juu ya hiyo kuna damu inayopita chini ya ngozi. Ndiyo maana ukiwasimamisha pamoja watu wawili unaodhani ni weusi sawasawa, mmoja utamwona ana wekundu kwa mbali na mwenzake anaelekea kwenye bluu.

Mwaka 2000 Nina Jablonski na George Chaplin walichapisha kazi iliyoonyesha jinsi rangi ya ngozi za wakazi wa asili wa sehemu mbalimbali za dunia inavyoendana na nguvu ya mionzi ya urujuanimno ya jua mahali hapo. Kwenye jua kali melanini hulinda, pamoja na mambo mengine, foleti, vitamini ambayo mimba haikui vizuri bila hiyo. Kwenye jua hafifu ngozi nyepesi husaidia mwili kutengeneza vitamini D. Hapo hakuna cheo wala laana.

Lakini habari iliyonivutia zaidi ni ya mwaka 2017. Timu ya Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilipima ngozi za watu zaidi ya 2,000 wa Ethiopia, Botswana na hapahapa Tanzania. Walipima upande wa ndani wa mkono, pasipopigwa jua sana, kisha wakatazama vinasaba. Walikuta tofauti kubwa mno ndani ya Afrika yenyewe, kuanzia Wasani wa Botswana wenye ngozi nyepesi hadi baadhi ya watu wa Ethiopia wenye ngozi nyeusi kabisa. Vinasaba vinavyochangia weupe na vinavyochangia weusi vyote vilikutwa Afrika, na baadhi vina umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Kwa hiyo mtu anayesema "rangi ya Mwafrika" kana kwamba ni moja hajawahi kukaa stendi ya Mbeya akatazama abiria wanaoshuka.

Na si lazima uende stendi. Ndani ya familia moja ya Kihehe au ya Kinyakyusa, baba na mama wamoja, utakuta hatua tatu nne za rangi. Ndani ya uso mmoja pia: paji la uso huwa jeusi kuliko mashavu, chini ya macho pana kivuli chake, midomo ina rangi zaidi ya moja, shingo na uso havifanani. Uso ukiupa rangi moja tu tangu kwenye nywele hadi kidevuni, umeshaufuta nusu.

Kipimo cha mwanga

Kamera haioni weusi wala weupe. Inapokea mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, basi. Ngozi nyepesi sana hurudisha theluthi moja au zaidi ya mwanga unaoipiga. Ngozi nyeusi sana huenda isifikishe hata asilimia kumi. Sasa kamera inapaswa kuamua iruhusu mwanga kiasi gani uingie, na haina namna ya kujua kama mbele yake kuna kitu cheusi kwenye jua au kitu cheupe kivulini. Kwa hiyo inabahatisha. Kanuni ya tangu enzi za filamu ni kwamba wastani wa mandhari yoyote ni kijivu cha kati, kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga, na kamera hujitahidi kukifanya chochote ulichokielekezea kifikie kijivu hicho.

Rudi nje ya kanisa. Zaidi ya theluthi ya fremu ni mawingu meupe na shela. Kamera inaona weupe mwingi, inasema hapa mwanga umezidi, inapunguza. Shela na mawingu vinashuka kuelekea kijivu, na mjomba aliyekuwa chini tayari anashushwa zaidi hadi anazama. Geuza mambo: mpige mjomba peke yake mbele ya mlango wenye giza, kamera itaona weusi mwingi, itaongeza mwanga, na mjomba atatoka kapauka kama aliyepakwa majivu. Mara zote mbili kamera imefanya kazi yake sawasawa. Aliyekosea ni yule aliyeiacha iamue.

Kamera mpya na simu hutambua uso na kujaribu kuupa kipaumbele. Husaidia, ila ikitambua nyuso kumi za rangi kumi bado inabidi ichague, na mara nyingi huchukua wastani. Wastani wa familia haumfai mtu yeyote wa pembeni.

Wapiga picha huhesabu mwanga kwa stopu. Ukipanda stopu moja umezidisha mwanga mara mbili. Shela jeupe hurudisha kama asilimia 90 ya mwanga, na uso mweusi sana tuseme asilimia 8. Gawanya: ni kama mara kumi na moja, yaani stopu tatu na nusu hivi. Sensa za kamera za leo, yaani vile vipande vya ndani vinavyopokea mwanga, hushika stopu kumi na zaidi kwa mpigo. Kwa hiyo bibi harusi na mjomba wanaenea kwenye picha moja, na nafasi inabaki. Hesabu hii huwa nawapigia wanaoniambia "kamera yangu haiwezi". Inaweza, ilimradi wote wawili wasimame kwenye mwanga uleule. Kinachoharibu ni kumweka mmoja juani na mwingine kivulini, au kuliingiza anga kwenye hesabu.

Kuna sababu nyingine ya kutomwacha mjomba azame kwa matumaini ya kumwinua baadaye kwenye kompyuta. Faili ghafi la kamera ya biti 12, yaani picha kabla kamera haijaichakata, lina ngazi 4,096 za mwanga. Ungedhani zimegawanywa sawa. Hapana: stopu ya juu kabisa, yenye mwanga mwingi, huchukua ngazi 2,048 peke yake, inayofuata 1,024, kisha 512, kisha 256, na ukifika stopu ya tano kutoka juu zimebaki 128. Uso uliopigwa gizani umeandikwa kwa ngazi chache. Ukiuinua kwa programu, unachoinua ni chengachenga na madoa ya kijani na zambarau, na WhatsApp ikishaibana picha hiyo, hata hizo chache hupotea.

Kung'aa

Hapa ndipo wengi hukosea, hata wenye vifaa vya bei. Wamesoma mahali kwamba ngozi nyeusi inahitaji mwanga mwingi, basi wanampiga mtu flashi ya uso kwa uso kwa nguvu zote, na matokeo ni paji la uso lenye doa jeupe na mashavu yaliyobaki giza.

Mwanga ukiipiga ngozi hugawanyika. Sehemu ndogo, asilimia 4 au 5 hivi, hurudi kutoka juu kabisa bila kuingia ndani, na sehemu hiyo ni karibu sawa kwa watu wote, wawe wa Makete au wa Norwe. Sehemu nyingine huingia, hukutana na melanini, na inayosalimika ndiyo inayotoka ikiwa na rangi. Kwa mtu mweupe inayotoka na rangi ni nyingi, kwa hiyo ule mng'ao wa juu hauonekani sana, na umbo la uso wake tunalisoma kwa vivuli. Kwa mtu mweusi sana inayotoka na rangi ni kidogo, karibu inalingana na mng'ao wa juu, kwa hiyo umbo la uso wake tunalisoma kwa mng'ao. Mstari wa mwanga juu ya shavu, ukingo wa pua, upinde wa nyusi: hivyo ndivyo vinavyouchonga uso mweusi.

Ukishalielewa hilo, mengi yananyooka. Swali linakuwa mwanga una ukubwa gani na unatoka wapi, kabla ya kuuliza una nguvu gani. Flashi ndogo ya kwenye kamera hujiakisi kama doa dogo kali. Dirisha kubwa, au mlango wa duka uliofunguliwa wote, hujiakisi kama utando mpana laini unaotelemka shavuni. Chukua kibanda chochote cha picha za pasipoti, zima flashi, mkalishe mteja ubavu kwa mlango, mita moja ndani, kisha upande wa pili simamisha mtu ashike shuka jeupe. Mwambie, "Baba, geuza kidevu mlangoni kidogo, usinitazame mimi." Utaona shavu la upande wa mlango limepata mng'ao mrefu, na shuka linachora mstari mwembamba upande wa giza ili uso usiungane na ukuta. Sogeza shuka karibu, mstari unapanuka. Liondoe, sikio linapotea. Huko ndiko kupiga picha. Kamera bado hujaigusa.

Mafuta ya mgando nayo yana siasa yake. Akina mama wa kwetu humpaka mtoto hadi anameremeta kabla ya picha, na kwa mwanga wa mlango mtoto huyo hutoka kapendeza ajabu. Mtoto huyohuyo kwa flashi hutoka na mabaka meupe. Si lazima umfute, badili mwanga. Poda nayo, hasa ile iliyochaguliwa hatua mbili juu ya ngozi ya mtu, chini ya flashi hugeuka kijivu, na shingo ikabaki na rangi yake.

Walioamua kabla yetu

Filamu ya rangi ilikuwa na matabaka ya kemikali, na mtu alilazimika kuamua tabaka lipi liitikie vipi. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak walizipelekea maabara za picha kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa kampuni, Shirley Page, na kadi zote zilizofuata zikaendelea kuitwa Shirley. Fundi alirekebisha mashine yake hadi ngozi ya Shirley itoke sawa. Ikitoka sawa, kazi imekwisha. Mwingine yeyote aliyekuwemo kwenye filamu hiyo alichapishwa kwa mizani ya Shirley.

Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, aliyechapisha utafiti wake wa jambo hili mwaka 2009, anasimulia kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia ulitokana na malalamiko ya watengeneza chokoleti na wauza samani, ambao matangazo yao hayakuonyesha tofauti kati ya chokoleti moja na nyingine au mbao moja na nyingine. Wazazi wa watoto weusi waliokuwa wakifutika kwenye picha za darasa hawakuwa na bajeti ya matangazo. Kadi zenye wanawake wa rangi tofauti zilikuja kuenea miaka ya 1990. Mtu aliyepigwa picha ya rangi mkoani Iringa au Mbeya kabla ya hapo anastahili kuisamehe sura yake kwenye albamu.

Mahali pengine filamu ilitumika vibaya zaidi. Afrika Kusini ya ubaguzi ilihitaji picha za haraka kwa ajili ya vitabu vya pasi ambavyo kila Mwafrika alilazimika kutembea navyo, na bidhaa za Polaroid zilitumika kwa kazi hiyo. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua hilo na wakaanzisha kampeni ya kususia. Kampuni iliondoka Afrika Kusini mwaka 1977.

Dijitali haikufuta mizani hiyo, iliihamishia kwenye programu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kibiashara inayotambua jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume wa ngozi nyepesi mifumo hiyo haikukosea zaidi ya asilimia 0.8, kwa wanawake wa ngozi nyeusi makosa yalifika asilimia 34.7. Google walipotoa simu za Pixel 6 mwaka 2021 walitangaza kwamba kamera zake zimefunzwa upya kwa nyuso za rangi nyingi zaidi. Hatua nzuri, lakini simu nyingi zinazouzwa madukani kwetu bado huja na modi ya urembo ikiwa imewashwa, na kazi ya kwanza ya modi hiyo ni kumng'arisha mtu bila kumuuliza. Nenda kwenye mipangilio, uizime. Ni dakika moja.

Kupanga watu kwa rangi

Hamu ya kuzipanga ngozi kwa namba ina historia yake, na sisi wa nyanda hizi tumeguswa nayo kwa karibu. Mjerumani Felix von Luschan alitengeneza kipimo cha vigae 36 vya kioo vya rangi, ukiviweka kando ya ngozi ya mtu unampa namba. Huyuhuyu alikusanya mafuvu kwa maelfu, na zaidi ya mafuvu 1,000 yaliyohifadhiwa Berlin yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe, nalo lilidaiwa kuchukuliwa Ujerumani. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilitafuta kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akalichagua kwa kulinganisha vipimo na vya vichwa vya ndugu zake, na likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Kipimo cha rangi na kipimo cha kichwa vilikuwa vifaa vya mkoba mmoja.

Vipimo vya baadaye vilikuwa na nia nyingine. Daktari wa ngozi Thomas Fitzpatrick alianza mwaka 1975 kugawanya ngozi kulingana na jinsi zinavyoungua na kubadilika juani, ili ajue kipimo cha tiba ya mwanga. Aliwaza kwanza wazungu, na makundi ya ngozi za kahawia na nyeusi yakaongezwa baadaye. Ellis Monk, mwanasosholojia wa Harvard, alitoa pamoja na Google mwaka 2022 kipimo cha rangi kumi, na lengo lake ni kupima kama programu zinawaona watu wote. Nadhani ni kifaa cha manufaa, na pia nadhani rangi kumi haziitoshi hata daladala moja ya Uyole.

Aliyelichekea jambo zima la kupanga ni mpiga picha Angélica Dass wa Brazil. Mwaka 2012 alianza mradi alioupa jina Humanæ. Anampiga mtu picha ya kifuani, mabega wazi, mandhari nyeupe, mwanga uleule kila mara. Kisha anachukua kipande cha pikseli 11 kwa 11 kutoka puani, anatafuta rangi inayokaribiana nacho kwenye kitabu cha rangi cha Pantone, kile wanachotumia wachapishaji, na anajaza rangi hiyo nyuma ya mtu. Chini anaandika namba yake. Ameshapiga watu zaidi ya 4,000 katika nchi nyingi. Picha zikipangwa ukutani, unatafuta mahali ambapo weusi wanaishia na weupe wanaanzia, na hupapati. Utakuta anayeitwa mweupe na anayeitwa mweusi wana namba zinazokaribiana. Dass anasimulia kwamba utotoni shuleni alipewa penseli ya waridi akaambiwa hiyo ndiyo rangi ya ngozi.

Ninaupenda mradi huo, lakini mpiga picha asiuelewe vibaya. Namba ile si ya mtu, ni ya pua yake kwenye mwanga ule, kwa kamera ile. Pua ndiyo sehemu inayong'aa na kubadilika kuliko nyingine: jua huiunguza, mafua huifanya nyekundu. Dass anaweza kulinganisha watu kwa sababu mwanga wake habadilishi. Ukimtoa mtu huyohuyo nje, Tukuyu, namba inabadilika mara tatu kabla ya chakula cha mchana.

Mwanga wa nyanda za juu

Wapiga picha wa pwani wana haki ya kutuonea wivu. Mawingu na ukungu wa Rungwe, Njombe na Makete hutandaza mwanga mpana usio na makali, ule hasa unaochora mng'ao mrefu kwenye shavu. Kipupwe, asubuhi ya ukungu, huhitaji mwavuli wala softiboksi, vile vifaa vya studio vya kulainisha mwanga. Shida ni kwamba mwanga huo unatoka juu moja kwa moja, na macho yanakuwa mashimo. Mwinue mtu kidevu kidogo au mpeleke barazani, chini ya paa, atazame nje.

Mwanga wa kivulini na wa mawingu ni wa bluu. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga ambacho kikipanda ubluu huongezeka, jua la adhuhuri hukadiriwa kuwa 5,500, kivulini hupanda hadi 7,000 na kuendelea. Ngozi yenye wekundu hutoka imepooza, kama ya mgonjwa, kama hukuiambia kamera kwamba uko kivulini. Halafu kuna rangi za kuazima. Migomba na chai humwagia uso ukijani, hasa chini ya taya. Udongo mwekundu hufanya kinyume: barabara ya vumbi inayopigwa na jua hurusha mwanga wa joto kwenye kidevu, na kwa ngozi nyeusi ni zawadi. Mpeleke mjomba hatua tano kutoka migombani hadi ukingo wa barabara, utadhani umebadilisha kamera.

Saa saba ya mwezi Oktoba, Iringa mjini au Rujewa, sina ushauri zaidi ya kutafuta ukuta wenye kivuli. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na Mbeya iko kama mita 1,700. Kwa wengi ni suala la kufinya macho. Kwa yule mtoto aliyevuliwa kofia ni jambo jingine.

Makadirio yanayotumika sana kwa Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino kati ya 1,400 hivi, kiwango cha juu kuliko sehemu nyingi za dunia. Kwa hiyo harusi kubwa yoyote inaweza kuwa na mgeni wa namna hiyo, na mpiga picha inampasa ajue kazi yake. Macho yasiyo na melanini ya kutosha huumizwa na mwanga mkali, na mara nyingi huchezacheza yenyewe. Usimvue mtoto kofia juani. Panga familia nzima upya ili jua liwe nyuma yao au wote wawe kivulini, kisha umuulize kama anapenda kofia ikae. Flashi izime. Piga picha nyingi mfululizo, kwa sababu macho yatatulia kwenye baadhi. Usimweke mbele kabisa kwenye mwanga ilhali umepima uso wa mjomba. Ataungua, abaki karatasi nyeupe yenye nyusi. Mweke ndani zaidi ya kivuli, upande ulio mbali na uwazi, na mjomba mweke upande ulio karibu nao. Mwanga unaopungua kadiri unavyoingia barazani utawasawazisha wenyewe. Na picha yake usiirushe mtandaoni ikiwa na jina la kijiji au shule, mpaka wazazi waseme. Watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa nchini humu. Tahadhari hiyo si ya kupuuzwa.

Baada ya hapo kipimo ni rahisi. Weka kamera ipime doa moja tu, elekeza kwenye shavu la mjomba, kisha shusha stopu moja au moja na nusu, kwa kuwa bila hivyo kamera itamgeuza kijivu cha kati. Piga, tazama shela. Kama nakshi zake bado zinaonekana, umemaliza.

"Nifanye nitakate kidogo"

Ombi hili kila studio inalijua. Mteja anaelekeza kidole kwenye kioo cha kompyuta: "Kaka, hapa nitakatishe." Mwenye studio anasogeza kitelezi, mteja anatabasamu, hela inaingia. Sina ubavu wa kumhukumu mtu anayetafuta mkate, lakini naona wengi wanaoomba hivyo wanaomba kitu kingine. Wameonyeshwa picha iliyozama, hawakujiona, na neno walilo nalo la kulalamikia hilo ni weupe. Ukiwapiga vizuri, shavu likapata mng'ao na macho yakaonekana, ombi lenyewe mara nyingi halitoki. Wapo watakaotaka weupe hata hivyo. Nchini vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku na mkorogo bado unauzwa, sembuse kitelezi ambacho hakibabui mtu.

Cha muhimu ni kuelewa tofauti ya kuongeza mwanga na kubadilisha rangi. Kuinua mwangaza wa uso wote huku ukiuacha wekundu na unjano wake ni kurekebisha kosa la kupima. Kulainisha ngozi hadi vinyweleo viishe na kuivuta kuelekea waridi ni kumchora mtu mwingine, ndugu wa karibu pengine.

Mwisho ni karatasi. Weusi wa karatasi hauna kina cha weusi wa kioo cha simu, na tofauti ndogo za kahawia ndizo za kwanza kuungana. Kabla ya kuagiza fremu kubwa, chapisha ndogo ya inchi 4 kwa 6 yenye uso mweusi kuliko wote na mweupe kuliko wote, uitazame kwenye mwanga wa kawaida, si chini ya taa ya kaunta. Kama nywele na kola ya koti jeusi zimekuwa kitu kimoja, rudi kwenye faili uinue vivuli. Kama zinaonekana kwenye kompyuta na hazionekani kwenye karatasi, kioo chako kina mwanga mwingi mno. Kipunguze kwanza, ndipo uanze kuhariri.